Uchambuzi wa kisa: Wote walimwogopa mamba, kilichowaangusha ni tairi za karavani

Kisa hiki ni cha familia ya Watanzania wanaoishi Perth, Australia Magharibi. Majina nimetoa, mwaka nimeuacha, umri wa watoto nimeugeuza kidogo, na wenyewe wamesoma wakasema sawa, weka, wengine wajifunze. Nitawaita Baba, Mama na Mjomba. Mjomba ni kaka yake Mama, alikuja kutembea kutoka nyumbani, na ndo sababu ya safari yote hii maana dada yake alitaka aone Australia ambayo sio maduka na bichi tu. Watoto walikuwa watatu, mkubwa miaka 14, mdogo 7.

Walikokuwa wanaenda

Kimberley iko kaskazini kabisa ya Australia Magharibi, na kutoka Perth mpaka Broome peke yake ni zaidi ya km 2,200 za lami. Ukishafika Derby ndo unaingia Gibb River Road, kama km 660 mpaka upande wa Kununurra, njia iliyochongwa zamani kwa ajili ya kutoa ng'ombe kwenye maranchi. Siku hizi watu wanaifuata kwa ajili ya makorongo. Unaacha barabara kuu, unaegesha, unatembea kwa mguu kwenye mawe na jua linakupiga utosini, alafu ghafla unakutana na dimbwi la maji safi chini ya maporomoko na unaoga mpaka vidole vinakunjamana. Hakuna mtandao wa simu karibu njia nzima, maduka ni ya kuhesabu, na msimu ni kama kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 10, kabla ya hapo mito imejaa na barabara imefungwa.

Na kuna mibuyu! Mjomba alipouona wa kwanza nje ya Derby aliomba gari lisimame, akashuka akaushika, akasema huu ni wetu kabisa ila huyu kafupishwa akanenepeshwa. Hakukosea sana, ni ukoo ule ule wa Adansonia, wa kwao ni jamii nyingine na kwa Australia nzima unaota kwa asili huko kaskazini magharibi tu.

Walivyojipanga

Gari lilikuwa zima, la dizeli, 4x4, limetoka sevisi. Karavani, yaani kile kinyumba cha kulala kinachokokotwa na gari, ndo ilikuwa ya kununua mkononi kwa mtu, ekseli moja, springi za kawaida, imetengenezwa kwa lami, na muuzaji alimwambia Baba "hii inaenda popote". Nyuma wakafunga baiskeli nne na jenereta. Chini ya sakafu kulikuwa na tenki la maji la lita 80 na bomba lake la kutolea maji linaning'inia wazi, halina kinga yoyote. Spea tairi ya karavani ilikuwa moja. Bima walikuwa nayo, ila sehemu inayosema haihusu barabara zisizo na lami waliisoma baadae sana.

Walienda mwishoni mwa mwezi wa 9 kwa sababu ya likizo za shule. Hapo ni mwisho wa kiangazi cha huko, joto limeshaanza kupanda kwenda kwenye 38 na zaidi, na maporomoko mengi ambayo mwezi wa 5 yananguruma yamebaki kamchirizi.

Kuhusu maji walikuwa na sheria, na sheria hiyo Mama aliitoa wakiwa bado Broome, kabla hawajaona dimbwi hata moja. Hakuna mtu kuingia kwenye maji kama sio sehemu inayojulikana ya kuogelea, kama hakuna kibao kinachosema panaogeleka, au kama hakuna mwenyeji wa pale aliyeulizwa siku hiyo hiyo. Mjomba aliunga mkono mia kwa mia, yeye kakulia kando ya Rufiji, ana majirani waliozikwa bila miguu, kwa hiyo kwake maji yote yana mamba mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mfuatano wa matukio

Waliondoka Derby saa 5 asubuhi, walichelewa kwenye manunuzi. Lami ilipoisha Baba alisimama akapunguza upepo wa tairi za gari kutoka psi 40 mpaka 30, jambo zuri kabisa. Za karavani akaziacha na upepo wa lami, 50 hivi. Mjomba akauliza, "Shem, na hizi za nyuma?" Akajibiwa, "Hizo zimebeba mzigo shem, ukitoa upepo zitalala." Mjomba akanyamaza. Nitarudi kwenye huo ukimya.

Barabara ya Gibb inajikunja kama bati. Kuna nadharia ya madereva kwamba ukikimbia 80 unapita juu juu ya mikunjo na gari linatulia, na kweli ndani ya gari unatulia, kiti hakitikisiki, watoto wanalala. Sasa karavani huko nyuma haina mtu wa kukwambia inajisikiaje.

Jioni wakafika Windjana Gorge, ambayo Wabunuba wenye ardhi yao wanaiita Bandilngan, kama km 145 kutoka Derby. Walipofungua mlango wa karavani makabati yalikuwa wazi, unga wa ugali, sukari na binzari vyote chini vimechanganyika na vumbi jekundu. Wakacheka, wakapiga picha. Mdogo akasema "Baba, karavani inakojoa". Jiwe lilikuwa limevunja lile bomba la tenki. Baba akafunga na gundi ya utepe, asubuhi tenki tupu. Pale kambini maji yapo kwa hiyo wakajaza madumu mawili ya lita 20 wakaona mambo yameisha. Kilichowachukua akili ni mamba, maana Windjana kiangazi mto Lennard unabaki madimbwi na wale mamba wembamba wa maji baridi wanalala kwenye mchanga unawaona hivi hivi. Wale huwa hawamsumbui mtu asiyewasumbua, ila watoto walibaki wanahesabu mamba usiku kucha na hakuna aliyeingia chini ya karavani kuangalia kingine.

Siku ya pili wakaendelea kwenda Imintji, kijiji cha wenyeji kando ya barabara hiyo hiyo. Wakapanda milima iliyokuwa inaitwa King Leopold, tangu 2020 inaitwa Wunaamin Miliwundi, na mida ya saa 8 mchana, imebaki kama km 30, tairi ya kushoto ya karavani ikapasuka. Baba hakusikia. Alienda karibu mita 300 mpaka mkubwa alipoona moshi wa vumbi mmoja haufanani na mwingine. Waliposhuka rimu imekwisha, hanga la springi (kile chuma kinachoishikilia springi) limekatika, ekseli imerudi nyuma na gurudumu limeng'ang'ania bodi. Spea ipo lakini hapo inasaidia nini? Na karavani ilivyoinama ilikuwa imekaba ndoano ya gari, hawakuweza kuitoa. Jeki inazama kwenye vumbi. Walihangaika kwenye jua lile karibu masaa matatu, wanaweka mbao, inazama, wanaweka jiwe, inateleza, na kila mtu anakunywa maji.

Wazee wawili wa Kizungu, mke na mume wastaafu wanaozunguka na karavani yao (hawa wako wengi mno huko), wakapita wanaelekea mbele. Wakasaidia kuchomoa ndoano, wakawaachia dumu moja la maji, na wakaahidi kupeleka habari kwa fundi wa upande ule. Wakati huo jua linaanza kushuka.

Mita 500 hivi kutoka barabarani kulikuwa na kijito na dimbwi moja limebaki, la kijani kidogo, lenye kivuli. Watoto walishaliona. Joto 39, wamejaa vumbi mpaka kope, na maji yako pale. Mama akasema hapana. Mkubwa akabisha, akasema hapa tuko mbali na bahari, wale mamba wakubwa wa maji chumvi hawafiki. Mama akamjibu, "Kibao kiko wapi?" Basi.

Mjomba ndo alienda, na alienda anavyojua yeye. Alifunga ndoo kwa kamba, akatafuta jabali lililo juu ya maji, hakuteremka ufukweni, akasimama nyuma ya ukingo, akarusha ndoo mara nne akaondoka. Yale maji hayakunywewa, walilowesha kanga za Mama wakawafunika watoto, na kwa upepo ule mkavu kanga inapoza mwili ndani ya dakika chache. Asubuhi alirudi kuchota tena lakini upande mwingine kabisa wa dimbwi.

Walilala pale pale, wameweka vibao vya kuakisi mwanga pande zote mbili. Fundi alifika siku ya tatu karibu saa 4 asubuhi na trela la kubebea.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza mkubwa ulikuwa kutoka Windjana kwenda mbele badala ya kurudi Derby. Sababu aliyonipa Baba ni kwamba umbali ulikuwa karibu sawa na maji walishajaza. Hesabu yake ya maji ilikuwa kwamba kitu kikiharibika watu sita watakuwa na lita 40. Kwa joto lile inashauriwa kama lita 5 mpaka 7 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo walikuwa na siku moja. Moja tu, na hapo hujapika.

Uamuzi wa pili, kulala barabarani. Baada ya ndoano kuchomoka Baba alitaka waache karavani waende Imintji usiku ule ule, gari ni zima, km 30 ni nini. Mama akakataa na mimi namuunga mkono, kule ng'ombe hawana uzio, na kangaruu wanatoka jioni hiyo hiyo, ukigonga dume la ng'ombe gizani sasa hata gari huna. Habari ilishapelekwa, maji yapo kidogo, kivuli kipo. Kukaa na gari ni ushauri wa siku zote wa huko na wapo watu waliokufa porini Australia baada ya kuliacha gari wakaanza kutembea.

Uamuzi wa tatu: fundi alisema anaweza kuchomelea hanga lakini itafika Derby tu, tupu, mwendo wa polepole, na itachukua siku mbili. Wakaamua karavani ibaki kwake, wao wachukue hema na turubai waendelee mbele na gari wakaogelee, maana Mjomba asingerudi tena.

Yaliyofuata, na Manning

Korongo la Galvans lilikwenda vizuri sana. Ni kama kilomita moja tu ya kutembea, dimbwi dogo, maporomoko, mbuyu umekaa juu yake, na kwenye mwamba kuna picha za Wandjina, roho za mvua katika imani ya wenyeji wa asili, ambazo hutakiwi kuzigusa. Mjomba alikaa ukingoni nusu saa nzima anaangalia maji kwanza. Alafu akaingia, na kutoka ikawa shida.

Korongo la Manning ndo pakawa na kazi. Unalipia kwanza kwenye duka la Mount Barnett, unapiga kambi kando ya maji, asubuhi unavuka na kaboti kadogo ka kujivuta kwa kamba, alafu unatembea kama kilomita 3 kwenye mawe na majani makavu, kivuli hakuna. Walivuka saa 4 na nusu asubuhi. Watu sita, chupa tatu za lita moja na nusu.

Kwa nini chupa tatu wakati dukani maji yapo? Nimeuliza hili mara kadhaa na jibu la Mama ndo la kweli zaidi: tangu barabarani walikuwa wanapimiana maji kwa kikombe, na hakuna aliyesema sasa tumeacha kupimiana. Walifika sehemu yenye maji tele wakaendelea kunywa kama wako pale kwenye vumbi.

Nusu ya njia mdogo akaacha kuongea. Mtoto anayeuliza swali kila dakika akanyamaza, uso mwekundu, alafu akatapika. Mjomba akambeba mpaka chini ya mwamba uliokuwa na kivuli kidogo, wakammwagia nusu ya maji yaliyobaki kwenye kanga wakamfunika kichwa na shingo, mengine wakampa kidogo kidogo. Kurudi au kwenda mbele? Mbele ilibaki kama nusu saa na kuna maji na kivuli. Wakaenda mbele Mjomba kambeba mgongoni. Walimkalisha kwenye dimbwi maji yamefika shingoni, Mama kamshika, na baada ya muda akauliza kama kuna samaki. Hapo ndo walijua karudi. Wakakaa mpaka saa 10 alasiri ndo wakaanza kurudi.

Matokeo

Hakuna aliyelazwa hospitali. Karavani ilifika Derby kama fundi alivyosema, bima ikakataa, gharama ya kuikokota na kuchomelea ilipita bajeti ya likizo nzima, na waliiuza kule kule kwa bei ya hasara. Kwenye mambo ya mamba hakukuwa na tukio lolote, sifuri.

Kilichofanya kazi

Sheria ya maji ilifanya kazi kwa sababu ilitungwa kabla ya kiu. Kwenye joto la 39 na watoto watatu wanalia hakuna mjadala wa mamba utakaoshinda, kila mtu atapata sababu nzuri, na ile ya mkubwa kwamba wako mbali na bahari ilikuwa nzuri kweli. Mamba wa maji chumvi anapanda mito wakati wa mafuriko mamia ya kilomita na anabaki kwenye madimbwi maji yakishuka, na tangu kuwawinda kulipopigwa marufuku, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wamerudi kwa wingi kaskazini yote. Galvans na Manning watu wanaogelea kwa sababu ni madimbwi ya juu, maporomoko yanawazuia wale wakubwa kupanda, na kuna wenyeji wanaoyafahamu. Lile la barabarani hakuna aliyejua lolote, wala kama ni mahali ambapo wenye ardhi wanaruhusu mtu kuingia. Mama hakuhitaji kujua haya yote, alihitaji kuuliza kibao kiko wapi.

Ile ya Mjomba kubadilisha sehemu ya kuchota nayo ni elimu. Mamba anasoma ratiba. Ukija mahali pale pale saa ile ile mara ya tatu anakusubiri. Hii hajaisoma popote, ni ya nyumbani, na askari wa hifadhi wa kule nao wanafundisha hivyo hivyo.

Kilichoshindwa

Tairi. Upepo wa 50 kwenye mikunjo unamaanisha tairi hailainishi kitu, kila pigo linapanda moja kwa moja kwenye springi na hanga, na mpira uliojaa hivyo jiwe kali linaupasua badala ya kuzama ndani yake. Mwendo wa 80 ukazidisha. Baiskeli na jenereta nyuma kabisa zikazidisha, maana uzito wa mkiani unaipiga ekseli zaidi. Hoja ya Baba kwamba tairi zingelala ina ukweli ndani yake, ukitoa sana zinalala na kupata moto, ndo maana dawa ni kupunguza kiasi, tuseme mpaka 35 kwa ile, NA kupunguza mwendo, na kushuka kila baada ya saa moja kushika tairi na hanga kwa mkono. Lile bomba la tenki walipoliona Windjana lilikuwa limeshawaambia kila kitu kuhusu hali ya huko chini.

Sasa ule ukimya wa Mjomba. Nilimuuliza kwa simu kwa nini hakusisitiza, kaendesha malori nyumbani, anajua. Akasema, "Mimi ni mgeni, na shemeji yangu nimsahihishe gari lake mbele ya watoto wake?" Hapo kila msomaji wa Kiswahili anaelewa. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji awe na mahali pa kuisikilizia hiyo dawa. Kwenye maji Mama alikuwa amempa Mjomba cheo waziwazi, mbele ya wote, wewe ndo mkubwa wa mamba. Kwenye gari hakuna aliyempa, kwa hiyo utaalamu ukakaa kimya kiti cha nyuma km 200.

Mawasiliano pia. Hawakuwa na redio ya UHF (ya kuongea gari kwa gari) wala simu ya setilaiti, walipona kwa sababu wazee wale walipita. Mwishoni mwa msimu magari yanapungua, wangeweza kukaa mpaka kesho yake jioni bila kumwona mtu.

Tusipokubaliana

Kwenda Manning baada ya yote yale. Mama anasema ilikuwa sawa, kosa lilikuwa saa ya kuondoka na idadi ya chupa, wangevuka saa 12 asubuhi na lita 3 kwa kila mtu isingetokea. Mimi naona walikuwa na watoto waliolala vibaya usiku wa barabarani na mmoja wa miaka 7, na kilomita 3 za mawe kwa joto lile sio za mtoto huyo wiki hiyo, hata wangetoka alfajiri. Pale kambini kwenyewe kuna maji ya kuogelea, wangeshinda hapo hapo. Akaniambia, "Kaka, wewe hukumwona Mjomba alivyofurahi." Hilo nalo kweli, sikumwona.